Bibi alisema ‘inasikika’, kumbe hasikii

“Mama, sasa inasikika?”

Sauti ya baba ilitoka sebuleni, alikokuwa ameinama mbele ya kompyuta. Ilikuwa saa mbili na nusu usiku, Tabata, Dar es Salaam. Kwa mara ya nne wiki hiyo alikuwa akijaribu kupeleka sauti ya marehemu baba yake hadi chumba cha nyuma anakolala mama yake.

“Inasikika, mwanangu. Mungu akubariki,” bibi alijibu.

Baba akaenda kulala akiwa ameridhika. Binti yake wa kidato cha tatu, anayelala chumba kimoja na bibi, alibaki amekaa kitandani akiitazama spika ndogo iliyokuwa mezani. Ilikuwa ikitoa neno moja, inanyamaza, inatoa nusu neno, inanyamaza tena. Bibi alikuwa ameisogelea kabisa, sikio moja karibu na spika, macho ameyafumba.

Binti huyo alijua kwamba haisikiki. Alichokuwa hajui ni namna ya kumwambia baba yake.

Kanda kumi na nne

Yote yalianza na ndoo ya rangi ya lita nne. Bibi alipohamia Dar es Salaam kutoka Ifakara baada ya mumewe kufariki, alikuja na nguo zake, mkeka na ndoo hiyo yenye mfuniko. Ndani yake kulikuwa na kanda 14 za redio.

Babu alikuwa mfanyakazi wa reli ya TAZARA, ile inayotoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, umbali wa kilomita 1,860. Kituo chake cha kazi kilikuwa Mbeya, wakati mke na watoto walibaki Ifakara kwenye mashamba ya mpunga. Miaka ya 1980 kupiga simu hakukuwa jambo la kila siku, na babu hakupenda kuandika barua. Usiku alikuwa akikaa na redio kaseti yake, anabonyeza kitufe cha kurekodi na kuzungumza na mkewe kana kwamba wamekaa jikoni pamoja. Kanda ikijaa, anampa mfanyakazi mwenzake anayesafiri na treni, naye anaishusha Ifakara.

Sasa bibi ana mtoto wa jicho na redio kaseti yake ilikufa zamani. Mwanawe, mhasibu aliyejifunza mambo ya kompyuta mwenyewe, aliamua kuziokoa kanda hizo kabla hazijaharibika. Aliazima redio kaseti kwa jirani, akaiunganisha na kompyuta kwa waya, akaanza kunakili. Kazi hiyo haina njia ya mkato: kanda ya dakika 60 hunakiliwa kwa dakika 60. Zilizolegea alizirudisha kwa kuzungusha kalamu ya Bic kwenye tundu, kama watu wa rika lake wote walivyofanya utotoni.

Wazo lake lilikuwa zuri. Kompyuta ya mezani aliyoinunua ikiwa imetumika ingekuwa seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayohudumia vifaa vingine. Aliiwekea Linux, mfumo usiolipiwa, pamoja na programu ya bure ya kurusha sauti iitwayo MPD. Chumbani kwa bibi aliweka simu ya zamani ya mkewe, iliyopasuka kioo lakini nzima, akaichomeka kwenye spika. Kila siku saa mbili usiku kanda moja ingeanza kucheza yenyewe, bibi asiguse kitu.

Jambo moja lililomfurahisha mkewe ni kwamba mpango huo haukula bando. Sauti inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta, inafika kwenye simu, yote ndani ya nyumba. Hata kama intaneti imekatika, mradi ruta ina umeme, sauti inaweza kwenda.

“Lakini kwa nini tusiweke tu kwenye memori kadi?” mke aliuliza.

Baba hakujibu. Alikuwa ameshawatangazia ndugu zake wote kuhusu seva.

Seva inayojisikiliza

Siku ya kwanza spika ilikuwa kimya kabisa. Cha kushangaza, baba akifungua kwenye kompyuta yenyewe, sauti ya babu ilitoka safi. Akilaumu spika, akaenda Kariakoo kununua nyingine. Kimya. Akalaumu simu, akaifuta yote na kuianza upya. Kimya. Akalaumu ruta, akaizima na kuiwasha mpaka watoto wakashindwa kufanya kazi zao za shule.

Ilimchukua siku tisa kuona kosa. Kwenye faili la mipangilio, ambalo alikuwa amelinakili kutoka mahali fulani bila kulisoma vizuri, kulikuwa na mstari ulioiambia programu ipokee maombi kupitia anwani 127.0.0.1 pekee. Anwani hiyo imo kwenye kila kompyuta na maana yake ni “mimi mwenyewe”. Kwa maneno mengine, seva ilikuwa inazungumza na kujisikiliza yenyewe, huku kifaa kingine chochote kikigonga hodi hakifunguliwi. Alipobadilisha mstari huo ili programu iwapokee wote waliomo kwenye mtandao wa nyumbani, sauti ikafika chumbani.

Furaha ilidumu siku mbili. Umeme ulikatika, uliporudi spika ikawa kimya tena. Safari hii sababu ilikuwa nyingine. Ruta ndiyo hugawa namba za anwani kwa vifaa vya ndani, na baada ya kuzimika iliipa kompyuta namba mpya. Jana ilikuwa 192.168.1.5, leo ni 192.168.1.9. Simu ya chumbani iliendelea kuita kwenye namba ya zamani, kama mgeni anayegonga nyumba ambayo mwenyewe ameshahama.

Dawa yake ipo kwenye ruta nyingi: kuna sehemu ya kuihifadhia kompyuta namba yake ili isipewe nyingine. Baba akafanya hivyo. Pia akaiweka kompyuta iwake yenyewe umeme unaporudi.

Katika siku zote hizo, binti alimwendea mara tatu. “Baba, naomba nitazame.” Shuleni anasoma somo la kompyuta na analipenda.

“Acha, utaniharibia. Nenda kasome.”

“Mbona kwangu inafanya kazi?”

Kisha likaja tatizo la tatu, nalo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote kwa sababu halikuwa kimya. Sauti ilikuwepo, ila ilikatakata.

Baba alikuwa akifika nyumbani saa mbili kasoro, anakaa sebuleni, anajaribu kwa simu yake. Sebuleni ruta ipo hatua tatu kutoka kwenye kochi. Inafanya kazi. Jumapili mchana aliingia chumbani kwa mama yake, akasikiliza dakika tano. Inafanya kazi. Usiku anauliza kwa sauti kutoka sebuleni, na jibu ni lile lile: “Inasikika, mwanangu.”

Kwa vipimo vyake vyote, kazi ilikuwa imekwisha.

Usiku mmoja binti alimuuliza bibi yake, wakiwa wawili gizani. “Bibi, kwa nini unamwambia baba inasikika?”

Bibi alicheka kidogo. “Mke mwenzangu, baba yako ametoka kazini amechoka. Nikimwambia haisikiki atakesha pale. Halafu sauti ya babu yako naijua. Panapokatika najazia mwenyewe.”

Binti alinyamaza. Baadaye alimsimulia mama yake kwamba neno hilo la kujazia ndilo lililomnyima usingizi. Bibi alikuwa anakumbuka kanda, hasikilizi kanda. Na zipo sehemu asizoweza kuzijazia, kwa sababu imepita miaka 40.

Daftari la mistari

Kesho yake binti alichukua daftari la mistari akachora safu nne: saa, imekatika mara ngapi, nani yuko wapi, nini kimewashwa. Kila usiku kwa siku sita alikaa kitandani na kuhesabu.

Hakugusa kompyuta. Hakubadilisha chochote. Aliandika tu.

Siku ya sita akaanza kuona. Kati ya saa mbili na saa mbili na nusu, sauti ilikatika mara kumi hadi kumi na tano. Baada ya saa tatu, ilikatika mara mbili au tatu. Siku ya Alhamisi haikukatika karibu kabisa hadi saa tatu na robo, ndipo ikaanza vurugu. Kwenye safu ya tatu, Alhamisi hiyo, alikuwa ameandika: “Mama kachelewa, foleni Buguruni.”

Alitazama safu ya nne. Mama akirudi kazini, jambo la kwanza anafanya ni kupasha chakula kwenye maikrowevu. Jiko lipo katikati, ukuta mmoja upande wa sebule na ukuta mwingine upande wa chumba cha bibi.

Binti hakumwendea baba. Alimwendea mama, akamwonyesha daftari. Mama alisoma kurasa zote akiwa amesimama, kisha akamfuata mumewe sebuleni.

“Baba watoto, mtoto ana kitu cha kukuonyesha. Msikilize kwanza, ndipo useme.”

Baba alilichukua daftari. Hakushtushwa na maikrowevu. Alishtushwa na safu ya pili. Kwa siku sita mfululizo, usiku ambao yeye alijibiwa “inasikika”, palikuwa na namba: 12, 10, 15, 11.

Aliinuka, akaenda chumba cha nyuma na kukaa kwenye ukingo wa kitanda.

“Mama, kwa nini hukuniambia?”

“Mwanangu, ulikuwa unauliza ukiwa sebuleni,” bibi alisema. “Anayeuliza akiwa mbali hujibiwa ili aridhike.”

Kikombe cha maji

Jumamosi mchana walifanya jaribio. Binti alijaza kikombe maji, akakiweka kwenye maikrowevu. Baba alikaa chumbani karibu na bibi, kanda ikicheza vizuri. Maikrowevu ilipowashwa, hazikupita sekunde nyingi sauti ikaanza kukatika. Ilipozimwa, ikatulia. Baba alitaka kuamini hapo hapo, lakini binti alisema warudie mara mbili zaidi, isije ikawa bahati tu. Matokeo yakawa yale yale.

Sababu yake inaeleweka. Maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya karibu gigahezi 2.4, na Wi-Fi ya ruta nyingi za bei nafuu hutumia eneo hilo hilo. Kiasi kidogo cha mawimbi hupenya nje, hakimdhuru mtu lakini kinaweza kuivuruga Wi-Fi iliyo dhaifu. Ruta mpya zina pia gigahezi 5 ambayo haiguswi na maikrowevu, ila mawimbi yake hupenya kuta kwa shida zaidi. Ruta ya nyumba hiyo ilikuwa na 2.4 pekee.

Baba alitaka kurekebisha kila kitu kwa mkupuo. Binti alimwomba wabadilishe jambo moja kwa siku, la sivyo hawatajua lipi limesaidia. Baba alimtazama, kisha akakubali.

Siku ya kwanza waliitoa ruta nyuma ya televisheni, ilikokuwa imebanwa na vyuma na nyaya, wakaiweka juu ya kabati. Usiku huo sauti ilikatika mara saba badala ya kumi na mbili.

Siku ya pili waligusa ukubwa wa sauti yenyewe. Baba alikuwa anairusha bila kuibana, kwa ubora wa CD, akiamini ndiyo heshima kwa mzee. Kwa ubora huo, kila sekunde hubeba kilobiti 1,411, na kanda ya dakika 60 inakuwa karibu MB 635. Lakini kanda hizo zilirekodiwa kwa kipaza sauti kimoja cha redio kaseti, mtu mmoja anaongea. Waliibana hadi kilobiti 64 kwa sekunde, njia moja badala ya mbili, na kanda ile ile ikawa chini ya MB 30. Mzigo wa kupitisha kwenye Wi-Fi ukapungua zaidi ya mara 20. Bibi hakuona tofauti yoyote kwenye sauti ya mumewe. Usiku huo ilikatika mara moja. Nakala kubwa hawakuzifuta, zilihifadhiwa kama zilivyo.

Siku ya tatu waliongeza akiba. Programu ya simu inayopokea sauti huweka sekunde kadhaa pembeni kabla ya kuanza kucheza. Ni sawa na tenki la maji la nyumbani: bomba likikatika kwa muda, ndani ya nyumba hakuna anayejua mradi tenki lina maji. Waliongeza akiba hiyo ikawa sekunde tano. Usiku huo mama alipasha wali na maharage kwa dakika nne, na kwenye daftari binti aliandika sifuri.

Jumla ya gharama ya matengenezo hayo ilikuwa bure. Spika ya pili ya Kariakoo ipo kwenye boksi lake mpaka leo.

Na ile memori kadi? Ilinunuliwa pia. Kanda zote zimenakiliwa humo na kwenye flashi inayotunzwa kwa shangazi Morogoro, kwa sababu kompyuta ya mezani huweza kufa siku yoyote, na sauti ya mtu hairekodiwi mara ya pili akishaondoka. Kabla ya kupeleka, bibi aliulizwa kama anaridhia. Alifikiri, kisha akasema namba tano na namba kumi na mbili zitolewe. “Hizo aliniambia mimi, hakuwaambia nyie.” Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kanda hizo mbili zikawekwa mahali pake, kwa neno la siri.

Kanda ya tisa

Usiku wa sifuri, kwenye ratiba ilikuwa kanda ya tisa, ya mwaka 1984. Kwa mara ya kwanza nyumba nzima ilikuwa chumbani kwa bibi. Watoto wadogo walikaa kwenye mkeka, mama mlangoni na sahani mkononi, baba kwenye ukingo wa kitanda.

Babu alianza kama kawaida yake, kwa salamu ndefu. Aliuliza habari za mpunga. Aliuliza kama mvua imefika. Alisema Mbeya ni baridi na blanketi alilopewa lina tundu. Nyuma yake treni ilisikika ikipita, akanyamaza kuisubiri, kisha akaendelea.

“Nimesikia kijana kaifungua redio ya jirani na hajui kuirudishia,” babu alisema. “Msimchape. Nikija likizo nitakaa naye tuifungue wote, aone ndani yake. Mtoto anayetaka kuona ndani ya kitu si mtoto mharibifu.”

Wakati huo baba alikuwa na umri wa miaka minane. Redio aliikumbuka. Aibu mbele ya jirani aliikumbuka. Maneno hayo hakuwahi kuyasikia, kwa kuwa kanda zile zilikuwa za mama yake, na watoto walikuwa wakiamriwa watoke nje zinapochezwa.

“Na alikuja?” mtoto mdogo aliuliza.

“Alikuja,” bibi alisema. “Wakaifungua wote siku nzima. Haikupona.”

Wote wakacheka, hata baba, ingawa alikuwa anatazama chini.

Kanda ilicheza hadi mwisho wa upande wa kwanza bila kukatika. Baba alipoinuka kutoka, hakuuliza kama imesikika.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alichukua daftari la mistari lililokuwa mezani. Chini ya sifuri ya jana aliandika neno la siri la kuingilia kwenye seva, akalifunga na kulirudisha juu ya begi la shule la binti yake.